Injini Inayokosa Pumzi

Ukitoka Nakuru kwa barabara ya Eldoret, gari linapanda bila kupumzika. Mji wenyewe uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Stesheni ya reli ya Timboroa, upande ule wa Mau Summit, iko futi 9,001, yaani mita 2,743. Huko juu hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na turbo hupoteza karibu robo ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Gari la kabureta haliwezi kuficha dhiki hiyo: linatoa moshi mweusi, linanuka petroli, na plagi zikifunguliwa zimepakwa masizi. Jeti ya kabureta ilitobolewa kiwandani Ulaya kwa ajili ya hewa ya Ulaya, nayo inaendelea kumwaga petroli ileile hata pale hewa ya kuiunguza imepungua.

Fundi wa Nakuru wa miaka ya 1950 aliijua dawa yake. Alitoa jeti ya kiwandani akatia yenye tundu dogo zaidi, kisha akasogeza mbele kidogo wakati wa plagi kutoa cheche. Gari likaanza kuvuta. Shida ni kwamba gari hilohilo likiteremshwa hadi pwani, petroli inakuwa chache kwa hewa nzito ya huko, injini inapata joto, na ukikaza mwendo unaweza kutoboa pistoni. Kwa mwenye gari la kwenda sokoni hilo si neno. Kwa mtu anayetaka kushindana kutoka nyanda za juu hadi baharini na kurudi, ni fumbo ambalo hakuna spana ya kulifungua moja kwa moja: nguvu atakayoiongeza Timboroa ataikosa Mombasa.

Historia ya magari ya mashindano katika Bonde la Ufa la kati imejaa mafumbo ya namna hiyo. Watu huisimulia kama historia ya madereva, na madereva kweli walikuwa hodari. Lakini ukiwauliza waliokuwa wakilala chini ya magari hayo na tochi mdomoni, utasikia hadithi nyingine, ya chuma kilichoongezwa mahali fulani na kuondolewa mahali pengine.

Eneo lenyewe liliwapa sababu ya kujifunza. Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na pamoja nayo wakaja mafundi wa chuma kutoka Punjab, Makalasinga ambao hadi leo Mkenya wa kawaida anaamini kwamba hakuna mashine inayowashinda. Mashamba ya walowezi yakafuata, kuanzia Njoro na Molo hadi Solai na Naivasha. Chama cha wakulima, KFA, kiliweka makao yake makuu Nakuru, na mji ukawa mahali pa kununulia trekta, jembe la plau na spea zake. Shamba lililo maili thelathini kutoka mjini, kwa barabara ya udongo isiyopitika masika, haliwezi kumngoja fundi. Likawa na karakana yake: mashine ya kuchomelea, tezo, rundo la vyuma chakavu, na mtu anayejua kuvitumia. Walowezi ndio waliokuwa na hati za magari, ila aghalabu mikono iliyoshika spana ilikuwa ya Waafrika na Wahindi, ambao majina ya wengi wao hayakuandikwa kwenye orodha ya washindi wala ya washiriki. Dhuluma hiyo inapaswa kutajwa mapema, maana vitabu vingi vya mashindano ya Safari huipita kimya.

Karibu na mashamba hayo kulikuwa na Langa Langa, njia ya mbio za mzunguko katika ukanda wa Gilgil na Nakuru. Wapenzi wa magari walikutana huko kuzunguka na kuzunguka. Inasimuliwa kwamba Neil Vincent alimwalika binamu yake Eric Cecil kushindana kwenye mbio za aina hiyo, naye Cecil akakataa: hakuona raha ya kupita kona zilezile siku nzima. Afadhali, alisema, watu wapande magari yao, wafunge milango, waende nusu ya Afrika na kurudi. Mzaha huo ulizaa mashindano. Mwaka 1953, katika shamrashamra za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakafanyika Coronation Safari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Alan Dix, kwa Volkswagen ya mgongo wa kobe, ndiye aliyemaliza na adhabu chache kuliko wote. Mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha wakashinda kwa gari la aina hiyohiyo.

Waandalizi wa mwanzo walitaka magari ya kawaida, kama yalivyokaa dukani, na makundi yalipangwa kwa bei ya gari wala si kwa ukubwa wa injini. Nia ilikuwa njema: mnunuzi wa Nakuru aone ni gari gani linaweza barabara zake. Volkswagen iling'ara katika mtihani huo. Injini yake haikuhitaji maji, kwa hiyo hapakuwa na rejeta ya kutobolewa na jiwe, na uzito ulikaa juu ya magurudumu yanayosukuma, jambo linalosaidia sana kwenye tope. Hapo mafundi waliona somo la kwanza. Gari lililoshinda halikuwa lenye kasi zaidi. Lilikuwa lenye vitu vichache vya kuharibika.

Baadaye mashindano yalihamishiwa Pasaka, wakati wa mvua, na jina likabadilika kuwa East African Safari mwaka 1960. Kanuni nazo zikalegea mwaka baada ya mwaka, na karakana zikapata kazi.

Gari la Safari la miaka hiyo lilikuwa hivi. Kwanza lilivuliwa nguo zote: viti, mazulia, vioo, nyaya, hadi likabaki bodi tupu. Bodi ya gari la kiwandani huunganishwa kwa vidoa vya kuchomelea vilivyoachana kama vifungo vya shati, na barabara ya mawe ya kutoka Mogotio kwenda Marigat huviachanisha kimoja kimoja mpaka mlango haufungi. Basi fundi alipita kwenye kila mshono na kuuchomelea kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pale shokapu zinaposhikilia bodi aliongeza kipande cha chuma, kwa sababu shokapu ngumu ikifungwa kwenye bodi laini hutoboa na kutokea juu. Nyuma pengine aliweka shokapu mbili kila upande, moja ikichoka nyingine ishike. Chini ya injini alifunga plati nene ya chuma. Mabomba ya breki na ya petroli, ambayo kiwanda huyapitisha chini ya gari kwa sababu huko ni rahisi, aliyahamishia ndani, pembeni mwa miguu ya dereva. Mbele ya rejeta aliweka wavu wa kuzuia mbegu za nyasi na tope. Buti ilibeba magurudumu mawili ya akiba, jeki ndefu, sepetu, kamba na mnyororo.

Kila kimoja cha vitu hivyo ni uzito, na uzito ni mwendo uliopotea. Hapo ndipo ufundi wa Bonde la Ufa ulipoachana na ule wa Ulaya. Fundi wa mashindano ya Monte Carlo aliondoa kilo moja akafurahi. Fundi wa huku aliongeza kilo sitini, akapunguza nguvu ya injini kidogo ili isichemke, kisha akamwambia dereva apunguze mwendo kwenye mabonde. Gari zima lilikuwa polepole kuliko lilivyotoka dukani, na kwa sababu hiyo lilikuwa na nafasi ya kushinda.

Mwaka 1963 ulithibitisha hesabu hiyo kwa ukatili. Magari 84 yaliondoka, saba yakamaliza. Mvua iliyageuza maramu kuwa sabuni na udongo mweusi kuwa gundi. Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff walishinda kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua ilirudi vilevile, yakamaliza saba tena, na washindi wakawa Nowicki na Cliff tena, kwa 404 tena. Katikati, 1966 na 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania walikuwa wameshinda mara mbili, kwa 404 hiyohiyo. Gari lenyewe lilikuwa na springi ndefu, tumbo lililo juu, na injini isiyo na makuu. Wasafiri wa Nakuru hawakuhitaji gazeti kuwaeleza hayo. Ndugu za magari hayo, 404 na baadaye 504 za mgongo mrefu, ndizo zilizokuwa teksi za masafa kati ya Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu, zikiwa na abiria saba waliobanana na dereva asiyejua gia ya kurudi nyuma. Gereji moja iliweza kutengeneza teksi asubuhi na gari la mashindano jioni, na mbinu zikahama kutoka moja kwenda jingine bila mtu kuziandika. Ukiona leo Probox iliyoinuliwa nyuma kwa springi za ziada, ikipanda na watu kumi na miraa, unaona mtoto wa ukoo huo, hata kama polisi wa trafiki hawapendezwi na ukoo wenyewe.

Joginder Singh ndiye mfano mkubwa, na nadhani anasifiwa kwa sababu isiyo kamili. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, ng'ambo ya Mau kutoka Nakuru, akakulia katika kazi ya ufundi wa magari. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mtu wa doria wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwanusuru waliokwama. Fikiria elimu hiyo: kila siku anaona nini kimevunjika, wapi, na kwa nini. Watengenezaji wa Ulaya wangelipa fedha nyingi kupata daftari la namna hiyo. Yeye alilibeba kichwani.

Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia Safari na Volvo PV544 iliyokwishatumika. Gari hilo lilikuwa limeshiriki Safari ya 1964 mikononi mwa timu ya kiwanda na kubaki Kenya kama mtumba. Wao walilifungua lote, wakakagua kila kiungo, wakalifunga upya kwa namna yao. Walipangiwa namba moja, yaani waondoke kwanza, na wengi waliiona namba hiyo kuwa mkosi, kwa kuwa anayetangulia ndiye anayekutana na tope bichi na mito isiyopimwa. Walirudi wakiwa wa kwanza vilevile, zaidi ya saa moja mbele ya wa pili. Waliomwita Singh jasiri hawakukosea. Lakini ujasiri hauunganishi bodi. Ushindi wa 1965 ulikuwa wa mtu aliyelijua gari lake njugu kwa njugu, na aliyesikia kelele mpya kabla haijawa hitilafu.

Alirudia jambo hilo mwaka 1974, wakati viwanda vikubwa vilikwisha kuja kwa nguvu zote. Miaka miwili kabla, Hannu Mikkola na Gunnar Palm walikuwa wageni wa kwanza kuishinda Safari, kwa Ford Escort RS1600, na mwaka 1973 mashindano yaliingizwa katika ubingwa wa dunia. Björn Waldegård alikuja na Porsche 911, gari lenye kasi ambalo hakuna Mkenya angeweza kulifuata kwenye barabara nzuri. Singh alikuwa na Mitsubishi Lancer ya 1600, na David Doig kama mwelekezi. Waldegård alikuwa akielekea ushindi mpaka chuma cha kushikilia gurudumu la nyuma kilipokatika. Lancer ikapita. Mwaka 1976 Singh na Doig walishinda tena kwa Lancer, na Mitsubishi ikachukua nafasi tatu za kwanza. Jina la kampuni hiyo lilianza kutamkwa kwa heshima katika gereji za Afrika Mashariki kuanzia hapo.

Viwanda havikuwa vipumbavu. Baada ya kushindwa mara kadhaa vilifanya lililokuwa la busara: vilituma magari miezi kadhaa kabla ya mashindano, vikayapitisha kwenye barabara zilezile hadi yavunjike, vikaandika kilichovunjika, vikarudi kiwandani kukiimarisha. Datsun, ambayo iliuzwa Kenya na D. T. Dobie, ilivuna sana kutokana na uvumilivu huo. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda 1970 na 1971. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Gari la kiwandani lilipoanza kuja likiwa na mishono iliyochomelewa, plati chini ya tumbo na mabomba yaliyofichwa ndani, mafundi wa huku walitazama na kutambua kazi ya mikono yao. Hakuna aliyewalipa chochote kwa hati miliki.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya fedha nyingi, na kwa fundi wa mtaani haina mengi. Helikopta ziliruka juu ya magari kuangalia mifugo na kubeba mafundi; vyuma vya kukinga ng'ombe vilifungwa mbele kama ngao; taa ziliwekwa juu ya mabega ya gari ili mchungaji aone kinachokuja ndani ya vumbi. Jambo moja tu la kiufundi linastahili kusimuliwa. Turbo ililitegua lile fumbo la Timboroa. Pangaboi yake huisukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, basi ile hewa nyepesi ya milimani inabanwa mpaka inakuwa nzito kama ya bondeni, na nguvu haipotei tena sana. Toyota Celica ya turbo, yenye kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu, ilishinda 1984, 1985 na 1986, ikiwaacha Audi na mfumo wao wa magurudumu manne wakihangaika. Ilikuwa nzito, ilikuwa imara, na ilikuwa imejengwa kwa kumfikiria Mwafrika mchunga mbuzi na shimo lililo nyuma ya kilima. Fundi wa Nakuru angeijenga vivyo hivyo kama angepewa pesa.

Siwezi kuruka mwaka 1993, kwa sababu ya kichekesho chake. Subaru ilileta Vivio, gari dogo la injini ya sentimita za ujazo 660, la kwenda nalo dukani mjini Tokyo. Colin McRae, kijana wa Uskoti aliyekuwa akipanda chati, alipewa moja. Akaliendesha kwa kasi ya kustaajabisha, likamfia njiani. Patrick Njiru, Mkenya, alipewa jingine. Alilitunza, akalipitisha kwenye mawe kama mtu anayevuka mto na gunia la mayai, akafika na kushinda kundi lake. Mwaka uliofuata, kwa Impreza, alikuwa wa nne katika Safari nzima, iliyoshindwa na Mkenya mwenzake Ian Duncan wa Toyota.

Safari ilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, mwaka ambao McRae huyohuyo alishinda kwa Ford Focus. Lililofuata lilikuwa kipindi cha neema kwa watu wa spana, ingawa wapenzi wa mashindano walikiita cha njaa. Magari ya kiwandani yaliondoka. Mashindano ya kitaifa yakabaki kwa wenyeji, kwenye mashamba ya Soysambu, Elmenteita, Solai na kando ya Menengai, na chama cha mbio za magari cha Rift Valley kikawa mwenyeji wa raundi za Nakuru. Subaru Impreza na Mitsubishi Evo zilizotumika ziliingizwa kutoka Japani na Uingereza. Gari la namna hiyo unaweza kulifungua jikoni kwako kama huogopi mkeo. Gia zilibadilishwa, kompyuta za injini zikaandikwa upya, springi zikafuatwa hadi Afrika Kusini. Kwa upande mwingine, kuanzia 2003, East African Safari Classic iliwarudisha wazee barabarani na magari ya zamani, na mwaka 2009 Ian Duncan aliishinda kwa Ford Mustang, gari la Kimarekani lililobuniwa kwa barabara iliyonyooka kama uzi. Huo, kwangu, ndio ushindi wa karakana kuliko ushindi wowote wa karne hii: kulichukua gari lisilo na sababu yoyote ya kuwepo huku na kulifanya lifike.

Halafu dunia ikarudi. Mwaka 2021 Safari Rally ikawa tena raundi ya ubingwa wa dunia, safari hii ikiwa na makao Naivasha, na mikondo iliyobeba majina ya jirani: Loldia, Kedong, Soysambu, Elmenteita, Sleeping Warrior, Hell's Gate. Mashindano haya hayakuwa tena siku nne za kuzunguka nchi. Barabara zilifungwa, mikondo ilikuwa mifupi, na magari yalikuwa ya thamani ya kununua shamba. Watu wengi walisema mawe ya Bonde la Ufa yamefugwa.

Hayakufugwa. Asubuhi ya mwisho Thierry Neuville wa Hyundai alikuwa akiongoza alipoingia mkondo wa Loldia. Shokapu ya nyuma ikamvunjikia, akatoka mashindanoni. Sébastien Ogier wa Toyota akashinda, Takamoto Katsuta akawa wa pili. Waliokumbuka Porsche ya Waldegård ya 1974 walitikisa vichwa. Ilikuwa ni nyuma tena, na ni sehemu ya kubeba gurudumu tena.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya vumbi. Udongo wa sakafu ya bonde, kutoka Suswa hadi Elmenteita, ni majivu ya volkano yaliyosagika kama unga wa ngano, na gari la kwanza likipita linaacha mitaro ambayo la kumi linazama hadi boneti. Unga huo una silika. Ukipenya kwenye chujio la hewa, unakwangua kuta za silinda kama msasa. Cha ajabu, katika bonde hilohilo, Kariandusi karibu na Gilgil, kuna machimbo ya mawe meupe ya diatomaiti, mabaki ya viumbe wadogo wa ziwa la kale, nayo huchimbwa na kuuzwa kwa sababu ni chujio zuri. Bonde linatengeneza uchafu na kichujio katika tarafa moja. Mwaka 2022, kwenye mkondo wa Kedong, magari kadhaa ya kiwandani yalikosa pumzi ndani ya vumbi hilo. Ford ya Sébastien Loeb, bingwa wa dunia mara tisa, nayo ilikoma siku hiyo. Toyota, iliyokuwa imejiandaa, ilichukua nafasi nne za kwanza, Kalle Rovanperä akitangulia. Baadaye bomba la kuvuta hewa kutoka juu, lile la Safari za zamani, likaonekana tena kwenye nguzo za vioo vya mbele.

Kwa Wakenya, kurudi kwa dunia kulileta fahari na kufuli. Mwaka 2021 Onkar Rai alikuwa wa saba, Karan Patel wa nane, Carl Tundo wa tisa, wote kwa magari ya daraja la R5. Gari la daraja hilo huja limekamilika. Kila kipande kina namba na kimesajiliwa. Mkaguzi akikuta kingine umetolewa. Fundi anaruhusiwa kuchagua tairi, kuinua au kushusha gari, kugeuza skrubu za shokapu, kusafisha chujio. Kuchomelea mshono hakuruhusiwi na hakuhitajiki. Kwa usalama na kwa haki ya mashindano, sina ubishi na kanuni hizo. Ila gereji ya Nakuru iliyotaka kuonyesha akili yake ilibidi itafute uwanja mwingine, na uwanja ulikuwepo tangu zamani.

Mwaka 1989, chini ya mlima Suswa, magari ya kuparamia nyika yalikusanyika kwa Rhino Charge ya kwanza. Rob Collinge, dereva wa Safari, alikuwa mmoja wa walioibuni, na Ken Kuhle ndiye aliyekuwa ameanzisha Rhino Ark mwaka mmoja kabla, ili kujenga uzio wa umeme wa kuwalinda vifaru wa Aberdare. Kanuni yake ni kinyume cha kila mbio. Una saa kumi na vituo 13 vya kupitia, katika eneo la kilomita za mraba kama 100 ambalo hukulijua kabla. Anayeshinda ni aliyepita vituo vyote kwa kilomita chache zaidi. Kona ya kuzunguka mlima ni hasara. Ni bora kuupanda. Kasi haina thamani.

Kanuni hiyo imezaa magari ambayo huwezi kuyaona popote pengine. Kuna kundi la magari yasiyobadilishwa na kundi la yaliyobadilishwa, na katika kundi la pili hakuna cha kuficha: Land Rover na Suzuki za zamani zilizobaki jina tu, magurudumu ya nyuma yanayokata kona kama ya mbele, usukani wa oili, tairi zinazofika kiunoni mwa mtu, winchi mbele na nyuma, na kizimba cha mabomba kuzunguka watu walio ndani. Likishindwa kupanda linavutwa. Likipinduka linageuzwa, linawashwa, linaendelea. Mtu anaanza kulijenga Juni, baada ya mashindano, kwa ajili ya mwisho wa Mei unaofuata.

Kila timu hutakiwa kuchangisha fedha, na fedha hizo zilijenga uzio wa Aberdare, kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Baada yake kazi ilihamia misitu mingine, ukiwemo Eburu, ule ulio juu ya Naivasha na Elmenteita, ambako bongo wa milimani bado wanaishi. Uzio wake ulifungwa mwaka 2014, zaidi ya kilomita 40. Kwa hiyo magari yaliyobuniwa kupenya mahali ambapo hakuna njia ndiyo yaliyolipia waya unaohakikisha kwamba hapo hapapitiki.